Aliishi na figo moja, akashindwa kazi ya kwanza, akaokoa mechi 601

Mtoto alikuwa na wiki sita tu duniani wazazi wake walipopewa habari hiyo. Mshipa wa kupeleka damu kwenye figo yake moja ulikuwa umeziba, figo ikaharibika, na madaktari wakalazimika kuitoa. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1967, California, Marekani. Mtoto huyo ni Trevor Hoffman.

Mzazi yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la wodi ya watoto anayajua maswali yanayofuata. Atakua kama wenzake? Atakimbia? Nimwambie lini kwamba yeye hayuko kama ndugu zake? Na kubwa kuliko yote: nimzuie nini, nimwachie nini?

Wazazi wa Trevor, mzee Ed na mama Mikki, walikuwa na kaya ya wavulana watatu, naye ndiye kitinda mimba. Walikaa Anaheim, mji ulio jirani na Los Angeles. Mtu mwenye figo moja anaweza kuishi maisha marefu na yenye afya, lakini hiyo iliyobaki haina ya akiba. Pigo moja baya la ubavuni ni hatari. Kwa hiyo mtoto alipoanza kukua, michezo miwili ilifutwa kabisa: mieleka, na ule mpira wa Kimarekani wa kugongana mabega na vichwa. Katika nchi ambayo mvulana asiyecheza mchezo huo shuleni huonekana kama amekosa kitu, hilo halikuwa jambo dogo.

Wakamwachia besiboli.

Nimeisoma habari ya familia hii mara kadhaa, na hapa ndipo ninapokwama kila mara. Wengi wetu tungefanya rahisi: huyu ni mgonjwa, akae ndani, asiguswe. Tunao watoto wa namna hiyo mitaani kwetu, wenye pumu, wenye seli mundu, wenye kifafa, wanaoangalia wenzao wakicheza kupitia dirishani. Wazazi wa Trevor walikaa wakachambua mchezo mmoja mmoja, wakaondoa ule wa hatari na kubakiza ule unaowezekana. Ni kazi inayochosha zaidi kuliko kusema hapana kwa kila kitu.

Baba wa akiba

Mzee Ed alikuwa amepigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa majini wa Marekani. Baadaye alifanya kazi posta, lakini kipaji chake kilikuwa sauti. Aliwahi kuimba kama kazi. Alipokuwa mtu mzima alichukua kibarua cha kuonyesha watu viti kwenye uwanja wa besiboli wa Anaheim, na siku ambayo mwimbaji aliyepangwa kuimba wimbo wa taifa hakutokea, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti akiwa na sare yake ya kazi. Watu wakamwita mpokea wageni anayeimba.

Kwa hiyo Trevor alikua akimwona baba yake akiwa mtu wa akiba, anayeitwa mambo yakiharibika, naye anakuwa tayari. Sisemi kwamba hapo ndipo alipojifunza kazi yake ya baadaye, maana hakuna anayeweza kulithibitisha hilo. Lakini inafaa kukumbuka.

Kaka yake Glenn, aliyemzidi miaka tisa, alikuwa tayari mchezaji wa ligi kuu akiwa na timu ya Boston mwaka 1980. Trevor alikuwa na miaka 12 wakati huo. Mdogo wa mchezaji maarufu hubeba mzigo wake: kila kocha humtazama kwa jicho la kumlinganisha. Yeye akachagua kucheza nafasi ileile ya kaka yake, ya mdakaji wa katikati ya uwanja, nafasi inayohitaji miguu myepesi na mkono wenye nguvu. Mkono alikuwa nao. Chuo Kikuu cha Arizona alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa timu, na mwaka 1989 klabu ya Cincinnati ikamchukua.

Kwa wasioujua mchezo

Hapa nisimame kidogo, maana najua wengi wetu besiboli tunaiona kwenye filamu tu. (Si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugogo, Kampala, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani.)

Mrushaji husimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja na kurusha mpira. Mpigaji wa timu pinzani husimama na gongo (la mti, si lile la kunywa) na kujaribu kuupiga. Akikosa mara tatu, ametoka. Timu ikitolewa watu watatu, zamu yake imekwisha. Kila timu hupata zamu tisa.

Mrushaji anayeanza mechi huchoka, mkono wa binadamu una mpaka wake. Anapotoka huingia warushaji wa akiba. Kati yao yupo mmoja anayewekwa kwa ajili ya zamu ya mwisho, timu yake ikiwa inaongoza kwa tofauti ndogo. Kazi yake ni kuwatoa watu watatu kabla wapinzani hawajasawazisha. Akifaulu, huandikiwa kwamba ameokoa mechi. Fikiria kipa anayeingizwa uwanjani kwa ajili ya penalti peke yake, siku baada ya siku, miezi sita ya kila mwaka. Akidaka, wenzake wanasifiwa kwa dakika tisini walizocheza. Akifungwa, kazi ya wote imepotea mikononi mwake, na uwanja mzima umeona.

Aliambiwa hafai

Cincinnati walimpeleka Trevor kwenye ligi za chini ili aive. Hakuiva. Mwaka 1990, akiwa Charleston, alifanikiwa kupiga mpira vizuri mara 21 tu kwa kila nafasi 100, na kwenye kudaka alikuwa anakosea mno. Umri ulikuwa unakaribia miaka 23. Katika mchezo huo kijana wa umri huo anayeshindwa ligi ya chini huanza kutafuta kazi nyingine.

Kocha wake, Jim Lett, alikuwa ameona kitu kimoja: kijana huyu hawezi kupiga, lakini anaporusha mpira kutoka upande wake kwenda mwingine, mpira unalia hewani. Akashauri ajaribiwe kama mrushaji. Mwaka 1991 Trevor akaanza upya, kazi ambayo wenzake walikuwa wameifanya tangu utotoni. Mpira wake ulikuwa unafika kilomita 150 kwa saa.

Kuna wazazi ambao mtoto wao ameshindwa somo la kwanza, chuo cha kwanza, biashara ya kwanza. Wanajua ukimya unaokuwepo mezani wakati wa chakula. Aliyemgeuzia Trevor njia hakumwambia aongeze bidii katika kile alichokuwa anashindwa. Alimwangalia vizuri, akaona kilichokuwepo tayari.

Cincinnati hawakumhifadhi. Mwaka 1992 alichukuliwa na timu mpya ya Florida, na mwezi Juni 1993 Florida wakambadilisha na timu ya San Diego. Mabadilishano yenyewe yaliwaudhi sana mashabiki wa San Diego: waliyempoteza ni Gary Sheffield, aliyekuwa mpigaji bora wa ligi yao mwaka mmoja tu nyuma, na waliyempata ni kijana wasiyemjua. Klabu ilikuwa inauza nyota wake ili kupunguza mishahara. Hasira zikaangukia kwa mgeni. Walimzomea.

Bega likakataa

Mwaka 1994 alikuwa ameshakuwa mrushaji wa mwisho wa timu. Agosti mwaka huo wachezaji wa ligi nzima waligoma, mechi zikafutwa. Katika siku hizo za kukaa bure Trevor alikwenda kucheza ufukweni, akajirusha kudaka mpira, na bega la mkono wake wa kazi likaumia. Msimu wa 1995 alirusha nao hivyohivyo kwa maumivu, kisha akafanyiwa upasuaji.

Mkono uliorudi haukuwa uleule. Kasi iliyomtoa kwenye kushindwa, kitu pekee alichokuwa nacho, ilikuwa inaondoka.

Ndipo mrushaji mwenzake, Donnie Elliott, ambaye mwenyewe hakukaa sana ligi kuu, akamwonyesha namna nyingine ya kuushika mpira: uzamishwe kiganjani na kubanwa kwa kidole gumba na cha shahada. Mkono unakwenda mbele kwa nguvu zote, mwili mzima unadanganya kwamba mpira wa kasi unakuja, kumbe mpira unatoka taratibu na kuzama ukikaribia. Mpigaji anazungusha gongo mapema, anakuta hewa. Katika miaka yake ya baadaye mpira wa kasi wa Trevor ulikuwa kwenye kilomita 138 hivi, ambayo kwa ligi ile ni wa kawaida kabisa, na ule wa taratibu ulikuwa kwenye 120. Wapigaji walijua utakuja. Waliukosa hivyohivyo.

Mwaka 1998 aliokoa mechi 53, sawa na rekodi ya ligi yake kwa wakati ule, na San Diego wakaingia fainali. Mwaka huo pia ndipo uwanja ulipoanza kupiga wimbo wa bendi ya AC/DC unaoanza na mlio wa kengele kila alipoingia. Kengele inalia taratibu, mlango wa uzio unafunguliwa, mtu mmoja anakimbia kuelekea katikati, na maelfu wanasimama. Walewale waliozomea.

Halafu, katika mechi ya tatu ya fainali hiyo dhidi ya New York, San Diego wakiongoza, Trevor aliitwa mapema zaidi ya kawaida. Scott Brosius akaupiga mpira nje ya uwanja, pointi tatu kwa mkupuo. New York walishinda mechi hiyo na siku iliyofuata wakabeba ubingwa. Hakurudi fainali tena maisha yake yote.

Mtoto wa rafiki

Alikaa San Diego hadi mwaka 2008. Bega lilimsumbua tena, na msimu wa 2003 karibu wote ulipita akiuguza upasuaji, akiwa na miaka 35. Wengi walidhani amekwisha. Miaka minne iliyofuata aliokoa mechi 41, 43, 46 na 42. Septemba 24, 2006 alifikisha 479 na kuipita rekodi ya Lee Smith, na kaka yake Glenn alikuwa palepale kwenye benchi la ufundi la San Diego kama kocha. Juni 2007 akawa mtu wa kwanza kufikisha 500.

Lakini kisa cha mwaka huo ninachokikumbuka mimi si hicho.

Mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia ya San Diego alikuwa Tony Gwynn, aliyecheza hapo tangu 1982 hadi 2001. Yeye na Trevor walikuwa timu moja kwa zaidi ya miaka minane. Gwynn alikuwa na mtoto wa kiume, Tony mdogo, ambaye alikuwa kijana wa shule katika miaka ile.

Septemba 29, 2007, San Diego walikuwa Milwaukee. Wakishinda, wanaingia hatua ya mtoano. Zamu ya mwisho, wanaongoza 3 kwa 2, Trevor yuko kilimani, watu wawili wameshatoka. Umebaki mmoja, na huyo mmoja ameshakosa mara mbili. Mpira mmoja tu.

Aliyeshika gongo upande wa Milwaukee alikuwa Tony mdogo.

Aliupiga mpira ule hadi pembe ya mbali ya uwanja, mchezo ukasawazishwa, na Milwaukee wakashinda katika zamu za nyongeza. San Diego wakapoteza na mechi ya siku iliyofuata. Jumatatu ikabidi wacheze mechi ya ziada dhidi ya Colorado, mshindi aende, mshindwa arudi nyumbani. Ilifika zamu ya 13. San Diego wakapata pointi mbili, wakaongoza 8 kwa 6, wakamwita Trevor. Colorado wakapata tatu. Msimu ukaisha hapo.

Ndani ya siku tatu alikuwa ameiangusha timu mara mbili, moja kwa mkono wa mtoto wa rafiki yake. Waandishi waliomfuata miaka hiyo wote wanasema jambo moja juu yake: alipoharibu hakukimbilia bafuni wala mlango wa nyuma. Alikaa mbele ya kabati lake na kujibu kila swali mpaka maswali yaishe. Katika kazi yake yote alipewa nafasi ya kuokoa mechi mara 677. Alifaulu mara 601. Maana yake ni kwamba mara 76 alitembea kutoka kilimani huku kila mtu akijua ni yeye.

Nilimsimulia binti yangu kisa hiki wiki aliyopata alama mbaya za hesabu na kuficha karatasi chini ya godoro. Hakuvutiwa na besiboli hata kidogo. Aliuliza tu, "Sasa mara ya 76 alisema nini nyumbani?" Sikuwa na jibu. Trevor na mkewe Tracy wana wavulana watatu, na miaka ile walikuwa na umri wa kuuliza.

Aliyechukua nafasi yake

Mwisho wa 2008 San Diego hawakuendelea naye. Miaka 16 ikaisha bila sherehe. Milwaukee, hao hao, wakamchukua, na mwaka 2009 aliokoa 37. Mwaka 2010 ulianza vibaya sana. Alikuwa na miaka 42, mpira wa taratibu hauzami tena, na kufikia Mei alikuwa amepoteza kazi ya zamu ya mwisho. Ikapewa kijana aitwaye John Axford, ambaye hakuwa na jina.

Kazini kwetu tunajua mzee anayepokonywa meza yake hufanya nini. Ananuna, anaficha mafaili, anasubiri kijana akosee. Trevor alikaa karibu na Axford na kumfundisha. Akaendelea kuingia katika zamu za kati, zile zisizo na kengele. Kidogo kidogo mkono ukakubali, na Septemba 7, 2010, dhidi ya St. Louis, akarudishiwa zamu ya mwisho kwa siku moja na kuokoa mechi ya 600. Wa kwanza duniani. Wenzake walimbeba juujuu. Akaongeza moja zaidi, na Januari 2011 akastaafu. Septemba mwaka huohuo Mariano Rivera wa New York akaipita rekodi yake na kuishia na 652.

Hata heshima ya mwisho haikuja haraka. Kuingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli lazima mchezaji apate asilimia 75 ya kura za waandishi. Mwaka 2016 alipata 67.3. Mwaka 2017 akapata 74, akikosa kura tano tu. Akaingia 2018. Figo ile moja ilikuwa bado inafanya kazi yake, na kwa miaka mingi amekuwa akichangia fedha kwa ajili ya wagonjwa wa figo.

Ila nataka kurudi nyuma kidogo, Agosti 21, 2011. San Diego waliandaa siku ya kuistaafisha jezi yake namba 51, isivaliwe na mwingine. Walimpa zawadi, likiwemo gari la zamani la wazi. Kisha wakamwambia atazame kwenye skrini kubwa ya uwanja.

Ilikuwa video ya mwaka 1981, kwenye uwanja wa Boston, enzi Glenn alipokuwa akichezea huko. Mwanamume aliyevaa nadhifu amesimama mbele ya kipaza sauti na kuanza kuimba wimbo wa taifa. Mzee Ed alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Sauti yake ikajaa uwanja, na mwanawe akasimama pale kwenye nyasi, ameinua uso, akimsikiliza baba mpaka ubeti wa mwisho.